Vidole vya Dobi

Shemeji yangu hupima moto wa pasi kwa kidole kikavu. Madobi wengine hunyunyiza maji au hutemea mate wakasikiliza yanavyochemka, lakini yeye husema mate ni ya wanaojifunza, na isitoshe nguo za watu si za kutemewa. Anagusa tumbo la pasi kwa ncha ya kidole, upesi, kisha anatamka: hii ya hariri, hii ya pamba, hii ngoja kwanza ipoe. Kile kiduara cha kupandisha na kushusha moto kilikufa zamani na hakuna aliyekililia. Kidole chake kilikuwa hakikosei.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Nilikuja kwao nilipofiwa na mume, nikasema nakaa kidogo tu nijipange, na mpaka leo bado najipanga. Kazi yangu ni pale mezani mbele: kupokea nguo, kuzifunga alama, kuwasikiliza wateja wakiapa kwamba doa hili halikuwepo walipoleta. Dada yangu anafua na kuanika uani. Shemeji anapiga pasi. Duka ni chumba kimoja kirefu chenye joto la kuivisha mayai, na ukitoka humo jioni unahisi umefuliwa wewe na kukamuliwa.

Wateja wamempa jina la Bwana Mkunjo, maana hakuna kitu anachokichukia duniani kama mkunjo usio na sababu. Hata shuka za nyumbani anazipiga pasi. Nilimwuliza siku moja, shemeji, shuka si unalalia tu? Akanijibu, "Ndiyo maana, shemeji. Nikilalia mikunjo naota nipo kazini."

Uchovu ulimwingia polepole, kwa hiyo hatukuuona. Sisi sote pale tumechoka. Ukiishi kwa kufua nguo za wengine, uchovu unakuwa kama mpangaji mwenzenu, mnasalimiana asubuhi na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Nani angeanza kuuliza uchovu wa nani ni mkubwa kuliko wa mwenzake? Akaanza kukaa juu ya kreti kati ya shati na shati. Akipandisha furushi la mashuka ngazi za nyumba ya wageni tunayoifulia, anashuka huku ameshika ukuta, moyo unamwenda mbio, masikio yanamvuma. Ulimi ukawa mwekundu, laini kama umepigwa sabuni, na mchuzi wenye chumvi kidogo tu ukawa unamchoma. Rangi yake ikapauka, na weupe wa macho ukaingia umanjano. Nikamtania kwamba anachujuka kama pazia la dirishani. Akasema, "Shemeji, mimi nguo ya zamani. Nimefuliwa mara nyingi."

Sasa, kwa mambo ya damu, nyumbani kwetu kulikuwa na bingwa, na bingwa huyo ni dada yangu. Yeye aliwahi kuishiwa damu mpaka akawa anatafuna mchele mbichi kutwa nzima, anausaga mdomoni kama mashine, huku kucha zimembonyea katikati mithili ya vijiko na mikono ya baridi hata juani. Hedhi yake ilikuwa inamtoka kupita kiasi, na kliniki wakamkuta ana uvimbe kwenye kizazi. Walimwambia uvimbe utakuja kutolewa, lakini kwanza damu irudi. Wakampa vidonge vya aina mbili: kile chekundu, cha madini ya chuma, na kile kidogo cha njano, foliki asidi. Wakamfundisha asimeze kwa chai wala maziwa, maana vinazuia chuma kuingia mwilini. Ameze kwa maji, na akipata chungwa ni vizuri zaidi. Wakamwambia choo kitakuwa cheusi, asiogope. Dada aliyashika hayo yote kama mtu aliyeapishwa. Na kweli, damu ikapanda, mchele akauacha ukae kwenye sufuria.

Basi asubuhi moja akamkalisha mumewe kwenye kreti, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba, akaangalia.

"Huna damu wewe," akasema.

"Damu ninayo. Nikijikata inatoka."

"Inatoka nyekundu au inatoka maji? Tazama, ndani kweupe kama kola. Kuanzia leo unakunywa dawa ya damu."

"Dawa gani?"

"Hii ya kwangu. Kliniki wanasema asiye na damu amepungukiwa na chuma."

Shemeji akaitazama pasi aliyokuwa ameishika, akanitazama mimi. "Mimi nashika chuma tangu ujana wangu, mwaka mzima, mpaka sikukuu. Hicho chuma kimenipungukia wapi?"

Tulicheka, na akameza. Kile chekundu na kile cha njano, kwa maji, dada akiwa amesimama kichwani kwake kama mlinzi. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwake. Kwetu sisi ugonjwa ulikuwa mmoja: hana damu. Na ugonjwa ukiwa mmoja, dawa ni moja, sasa mtu apange foleni hospitali ya nini wakati dawa ipo kabatini?

Na mnajua nini? Ilifanya kazi. Hapo ndipo penye uchungu. Baada ya muda rangi ilimrudia kidogo, akawa hakai sana kwenye kreti. Akaenda zahanati ya mtaani wakamtoboa kidole, wakamwambia damu imepanda. Dada siku hiyo alitembea kwa maringo, anafua huku anaimba, na mimi nikamwambia afungue zahanati yake kabisa, nitakaa mapokezi.

Lakini miguu ikawa haimsikii. Alianza kusema anatembea kama juu ya godoro. Tukasema ni kusimama kutwa. Kisha asubuhi moja alifika dukani na kandambili moja. Nyingine ilikuwa imemvuka njiani, wala hakujua mpaka nilipomwonyesha mguu mtupu wenye vumbi. Tulicheka sana. Na yeye alicheka, lakini niliona alivyouangalia ule mguu, kama mtu anayeangalia mzigo alioachiwa na mgeni. Jioni, giza likianza kuingia, alikuwa anayumba, na watu wasiomjua wakamdhania amelewa. Vifungo vya shati vikawa vinamshinda. Dada alipomwuliza, alijibu, "Damu si imepanda? Basi huu ni uzee. Uzee hauna kidonge." Akajikaza kisabuni, akaendelea na kazi.

Nguo iliyomaliza ubishi ilikuwa gauni jeupe la muuguzi mmoja wa makamo, mteja wetu wa siku nyingi, mtu asiye na maneno mengi. Shemeji aligusa pasi, akatamka, "Ya pamba hii," akaishusha. Mimi nilisikia harufu kabla sijageuka. Alipoinyanyua, pasi nzima ilikuwa imejichora mgongoni mwa gauni, rangi ya chai. Katika miaka yote niliyokaa pale sijapata kumwona akiunguza hata leso. Alisimama tu, pasi mkononi, mdomo wazi. Dada akaja mbio kutoka uani na povu mpaka viwikoni, akaliona gauni, akafumba macho.

Muuguzi alipokuja kulichukua nilitaka kujificha chini ya meza. Shemeji alitoka mwenyewe akamwonyesha. Aliomba radhi kwa sauti ambayo sikuijua. Muuguzi akalitazama gauni, halafu akaacha kulitazama. Alikuwa anatazama mkono uliolishika.

"Hicho kidole kimefanya nini?"

Kwenye ncha ya kidole kulikuwa na lengelenge kubwa, limejaa maji, na jingine lililopasuka zamani kando yake.

"Kitakuwa kimeungua," shemeji akasema.

"Kitakuwa? Huna hakika?" Akaliminya lile lengelenge kidogo. Shemeji hakustuka. "Gauni nitashona jingine, baba. Kesho asubuhi uje hospitali na hicho kidole. Na dawa zote unazotumia, njoo nazo."

Tulikwenda watatu, duka tukalifunga. Benchi la pale lilikuwa refu, na katika kusubiri tukazungumza na waliotangulia. Kila uliyemwuliza anaumwa nini alisema hana damu. Kulikuwa na mzee aliyechoka figo. Kumbe figo ndizo zinazouamuru mwili utengeneze damu, na zake zimeacha kuamuru, kwa hiyo anachomwa sindano ya kufanya kazi hiyo badala yake. Kulikuwa na mama mwenye binti mdogo wa selimundu, ugonjwa aliozaliwa nao. Chembe za damu za mtoto zinajipinda kama mundu na kuvunjika kabla ya wakati wake, na zinamletea maumivu ya mifupa. Yule mtoto anakunywa foliki asidi kila siku, pamoja na dawa nyingine ya kupunguza yale maumivu yasije mara kwa mara. Lakini mama alikuwa ameonywa asimpe chuma kwa kubahatisha, maana kinaweza kumzidi mwilini kikamdhuru. Dada aliposikia hivyo aliuvuta mkoba wake karibu na kifua.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti iliyokwaruzika kwa kuongea kutwa. Alichukua kichuma chenye ncha mbili, kama uma mkubwa, akakigonga kikaanza kuvuma, akakisimamisha juu ya kifundo cha mguu wa shemeji.

"Unasikia?"

"Nasikia kinalia."

"Sikuulizi masikioni. Mguuni unasikia kinatetemeka?"

Shemeji akautazama mguu wake kwa muda. "Mguuni hakuna kitu."

Akamwambia asimame, afumbe macho. Akaanza kuyumba papo hapo, mpaka mimi na dada tukamdaka. Damu ikachukuliwa, tukarudishwa benchi, na tulipoitwa tena daktari alikuwa na majibu mezani.

"Umekuwa ukitumia dawa gani?"

Dada akafungua mkoba akaviweka mezani vile vidonge, chekundu na cha njano. Asubuhi ile ile, nyumbani, angeviweka kwa fahari. Sasa aliviachia upesi kama vinamuunguza.

"Ni za nani?"

"Zangu. Lakini na yeye hana damu."

Daktari akapumua. Haikuwa pumzi ya hasira. Ilikuwa ya mtu ambaye amelieleza jambo hilo hilo wiki nzima. Akamgeukia shemeji. "Wewe dobi, sivyo? Mtu akikuletea nguo akasema ina doa, unafanya nini?"

"Namwuliza doa la nini. La mafuta si la wino."

"Haya. Kupungukiwa damu ni hivyo hivyo. Mke wako anapoteza damu kila mwezi, na chuma kinatoka nayo. Chembe zake zinakuwa ndogo na zimepauka, na dawa yake ni chuma. Wewe chembe zako ni kubwa kupita kiasi, na ni chache. Chuma unacho cha kutosha. Umekosa vitamini B12."

"Nyama nakula, daktari. Mayai nakula. Maziwa nakunywa."

"Hata ungekula ng'ombe mzima. Tumbo lako limeacha kutengeneza kitu kinachoipokea hiyo vitamini na kuiingiza mwilini. Inapita tu. Na vitamini hiyo haitengenezi damu tu, inalinda na mishipa ya fahamu. Ndiyo maana miguu na vidole vimekufa ganzi."

"Lakini damu ilipanda," dada akasema, kwa sauti ndogo. "Zahanati walipima."

"Ilipanda, mama. Hiki cha njano kinaweza kupandisha damu hata ya mtu aliyekosa B12. Ila mishipa ya fahamu hakiiponyi. Kwa hiyo kwa nje mgonjwa anaonekana amepona, na ndani mishipa inaendelea kuharibika. Angebaki na upungufu wake ungemleta hapa mapema zaidi."

Mimi nilitamani daktari angetumia maneno mengine, au angelisema jambo hilo kwa shemeji peke yake. Dada hakulia. Alivitazama vidonge vyake vilivyolala mezani kama mtu anayetazama mbwa wake aliyemng'ata mtoto wa jirani.

Shemeji akauliza jambo moja tu. "Vidole vitarudi?"

"Tutakuchoma sindano mwanzoni siku moja ndiyo, moja hapana, mpaka tuone nafuu imeacha kuongezeka. Kisha kila baada ya miezi michache, maisha yako yote, usiache. Damu itapona, hilo sina wasiwasi nalo. Vidole huenda vikarudi. Miguu siwezi kukuahidi." Kisha akavisukuma vile vidonge kuelekea kwa dada. "Mama, usimpe mtu mwingine dawa yako tena. Na wewe usiache kuitumia."

Nadhani dada alisikia ile nusu ya kwanza tu.

Tukaanza maisha ya sindano. Dawa yenyewe ni nyekundu, na shemeji alipoiona ndani ya bomba alisema walau hii inafanana na inachokitafuta. Pasi nilishika mimi. Sitaki kusema niliishikaje. Wateja walisema ya kutosha. Tulifunga kipima moto kipya, na shemeji alikaa kwenye kreti akiniongoza kwa mdomo, kola kwanza, shemeji, usianze na mgongo, unampigia nani pasi, fisi? Rangi yake ilirudi upesi, ulimi ukapona, ngazi akazipanda kwa mkongojo bila kusimama njiani. Vidole ndivyo vilivyotuweka roho juu. Kwanza vilianza kumwasha, kisha akawa anasema sisimizi wamehamia ndani ya mkono. Daktari alisema hiyo inaweza kuwa dalili nzuri. Kila jioni alikaa mlangoni anasugua kidole gumba juu ya kitambaa, leo pamba, kesho hariri, huku amefumba macho, na kila jioni akasema, "Bado."

Dada alikuwa anafua uani na kila "bado" inamfikia. Aliacha kuimba. Akiniletea chai anamwekea mumewe kikombe pembeni kisha anaondoka haraka, kama vile hata chai ya mkono wake haiaminiki. Nilimwambia, dada, hukujua. Akaniambia, "Nilijifanya najua. Hilo ndilo baya." Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani. Ningependa kumkasirikia mtu, lakini pale hapakuwa na mtu wa kukasirikiwa, palikuwa na neno moja tu ambalo sote tulilitumia vibaya.

Sikuona alipoacha vidonge vyake. Sisi ni watu wa kutoona. Niliona anakaa ukingoni mwa karo kati ya beseni na beseni, nikasema amechoka, nani hajachoka. Niliona mdomo unatafuna kitu, nikadhani ni maneno anayojisemea. Chakula kikawa kinarudi jikoni. Alijihukumu mwenyewe bila kumwambia yeyote, na ile damu yake, iliyopanda kwa shida, ikaanza kushuka tena mwezi kwa mwezi.

Siku ilipotokea kulikuwa na mrundo wa shuka za nyumba ya wageni. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, huyu ameshika pembe hizi na yule hizi, mnasogeleana mpaka pembe zikutane, mwenzako anakukabidhi. Mimi nilikuwa nimeshika pasi, kwa hiyo dada akaingia kukunja na mumewe, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Hawakuwa wanazungumza. Wakavuta, wakanyoosha, wakasogeleana, dada akamkabidhi pembe zake akataka kurudi nyuma.

Shemeji hakumwachia. Shuka ikaanguka chini, kwenye sakafu yenye maji, na yeye, mtu wa kuchukia mkunjo, hakuitazama. Alikuwa amemshika mkewe viganja vyote viwili, anavipapasa kwa vidole gumba, polepole, kama anavyopapasa vitambaa jioni.

"Mbona mikono yako ya baridi hivi?" akasema. "Joto lote hili la humu ndani, mikono yako barafu. Umeacha dawa?"

Dada akamtazama usoni. Midomo yake ilikuwa myeupe, na sasa hata mimi niliiona.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nimesikia," shemeji akasema. "Si nimekushika? Nimesikia baridi."